XRF ya mkononi, leza au kipande chembamba: kipimo kipi kwa shanga na vigae vya pwani?

Fungua masanduku ya uchimbaji wa mji wowote wa kale wa pwani, iwe Shanga, Mtwapa, Unguja Ukuu au Kilwa, utakuta shanga ndogo za kioo na vigae vya vyungu kwa mamia au maelfu. Vyote huulizwa swali moja: vimetoka wapi? Siku hizi jibu linaloandikwa haraka kwenye maombi ya fedha ni "tutapima kwa XRF", yaani mashine inayotambua elementi kwa eksirei. Hapo jina la mashine limetangulia swali. Ushanga wa India na chungu kilichofinyangwa kwenye delta ya Tana vimetofautiana kwa asili yake. Kimoja kimeyeyushwa kikawa sawa ndani kote, kingine ni udongo uliojaa chembe za mchanga zilizotapakaa bila mpango. Kipimo kinachofaa kimoja kinaweza kukupotosha kwenye kingine, tena kwa tarakimu zenye desimali tatu.

Msimamo wetu tuuweke wazi mapema. Kwa asili ya kioo, leza (inayochoma tundu dogo ili mvuke wake upimwe) ndiyo inayoamua, na XRF ya mkononi ni ya kuchambulia tu. Kwa vyungu vya kienyeji, anza na kipande chembamba, yaani kipande cha kigae kilichosuguliwa hadi mwanga upite, chini ya hadubini hata kama umepewa mashine ya mamilioni bure. Sababu zinafuata, lakini kwanza picha ya jumla.

| | XRF ya mkononi | Leza (LA-ICP-MS) | Hadubini ya elektroni (SEM-EDS) | Kipande chembamba |
|---|---|---|---|---|
| Inachoona | Elementi nzito vizuri. Magnesiamu kwa shida. Sodiamu haioni | Karibu elementi zote, hadi chini ya sehemu 1 kwa milioni | Elementi kuu, sodiamu ikiwemo, hadi karibu asilimia 0.1 | Madini, chembe, matundu, namna ya kufinyanga |
| Alama kwenye kitu | Hakuna | Shimo la mikromita 50 hadi 100 | Kipande kilichosuguliwa | Kigae hukatwa |
| Muda | Dakika 2 hadi 5 kwa kipimo | Dakika chache kwa kila nukta | Saa, pamoja na kusugua | Siku kadhaa kwa kundi zima |
| Inapopatikana | Ghalani, makumbusho, shambani | Maabara chache, nyingi nje ya Afrika Mashariki | Vyuo vikuu kadhaa | Idara za jiolojia |
| Inafaa zaidi | Kupanga makundi, rangi, glezi (ngozi ya kioo ya porselini) | Asili ya kioo | Rangi na vitu vilivyomo ndani ya kioo | Vyungu vya kienyeji |

Shanga: elementi zinazoamua ni zipi

Kioo cha kale kina mchanga unaoleta silika, na kiyeyusho kinachoshusha joto la kuyeyuka. Kiyeyusho ndicho kinachotenganisha viwanda. Mashariki ya Kati enzi za Kiislamu walitumia majivu ya mimea inayoota kwenye ardhi ya chumvi. Majivu hayo huja na magnesiamu na potasiamu, kwa hiyo oksidi ya kila moja kwa kawaida hupita asilimia 1.5. Uhindini walitumia sana magadi yanayojitokeza juu ya ardhi, na hapo magnesiamu hubaki chini ya 1.5. Mchanga wao una feldispa nyingi, madini yenye alumini, kwa hiyo alumina (oksidi ya alumini) hupanda juu ya asilimia 5 na mara nyingine hupita 10.

Tofauti hizo zina maana kubwa kwetu. Shanga za kundi la Zhizo, zilizofika hadi bonde la Limpopo kati ya karne ya 8 na ya 10, ni kioo cha majivu ya mimea kutoka Mashariki ya Kati. Baadaye shanga ndogo za kuvutwa za India, zenye magadi na alumina nyingi, zilijaa pwani nzima. Kwa macho, ushanga wa bluu wa kundi moja na wa jingine unaweza kufanana kabisa.

Hata ndani ya kioo cha India kuna mgawanyiko. Mwaka 2008 watafiti Laure Dussubieux, Chapurukha Kusimba na wenzao walionyesha kwamba kioo cha magadi na alumina nyingi kina matawi mawili. Moja lina urani kidogo na bariamu nyingi, nalo ni la India Kusini na Sri Lanka. Jingine lina urani nyingi na bariamu kidogo, na ndilo lililotawala shanga za Kenya walizopima, ambazo ni za kuanzia karne ya 9 na kuendelea. Tawi hili linaoana na shanga za Chaul, bandari ya magharibi mwa India. Swali la "India ipi?" linajibiwa na elementi mbili ambazo kwenye kioo hazifiki hata asilimia moja.

Kwa hiyo orodha ya kubeba akilini ni hii: sodiamu, magnesiamu, alumini, urani, bariamu. Tuone kila mashine inazionaje.

XRF ya mkononi mbele ya ushanga

Mashine hii hupiga kitu kwa eksirei, elementi zilizomo hujibu kwa eksirei zake, na kila elementi ina nishati yake (hupimwa kwa keV), inayoonekana kwenye grafu kama kilele. Ya sodiamu ni keV 1.04 na ya magnesiamu ni keV 1.25. Eksirei dhaifu namna hiyo humezwa na hewa na kidirisha kabla ya kufika kwenye kipokezi. Ukipitisha gesi ya heliamu kwenye pua ya mashine utaipata magnesiamu kwa kiasi, na alumini na silikoni zitaboreka. Sodiamu bado hutaipata. Tayari umekosa elementi iliyo nyingi kuliko zote baada ya silikoni na oksijeni.

Tatizo la pili ni kina. Eksirei ya silikoni hutoka kwenye kioo ikiwa imezaliwa mikromita chache tu chini ya uso, ilhali ile ya zirkoniamu hutoka zaidi ya milimita moja ndani. Sasa fikiria ushanga uliolala miaka 800 kwenye udongo wenye unyevunyevu. Ngozi yake imenyonywa sodiamu na potasiamu, silika imebaki. Kipimo kimoja, kwenye skrini moja, kinakupa silika na potasiamu ya ngozi iliyooza pamoja na zirkoniamu ya kiini kizima. Ukizijumlisha ukazifanya ziwe asilimia 100, umeunda kioo ambacho hakijawahi kuwepo.

Tatu, ukubwa. Nukta ya mashine nyingi ina upana wa milimita 3 hadi 8, na ushanga mdogo una milimita 2 hadi 4, tena umetobolewa katikati na umeviringika. Elementi zote zitaonekana pungufu, na nzito zitapungua zaidi kwa sababu ushanga ni mwembamba mno kwa eksirei zake. Dawa ya sehemu ni kutumia uwiano badala ya asilimia. Gawanya kilele cha kila elementi nzito kwa kilele cha Compton, ule mwangwi wa mionzi ya mashine yenyewe unaorudi kutoka kwenye kitu. Au linganisha elementi jirani kati yao: rubidiamu kwa strontiamu, zirkoniamu kwa strontiamu.

Nne, vilele vinavyokaliana. Hapa ndipo programu ya kiwandani hukosea bila kusema neno:

- Risasi (keV 10.55) na arseniki (keV 10.54) ni kitu kimoja machoni pa mashine. Tumia kilele cha pili cha arseniki kwenye 11.73 na cha risasi kwenye 12.61. Ushanga wa njano wenye risasi nyingi "utaonyesha" arseniki hata kama hakuna.
- Bariamu kwenye 4.47 imekaa juu ya titani kwenye 4.51. Bariamu ya kuaminika ni ile ya keV 32.2, na hiyo inataka mashine ya kilovolti 50.
- Urani (13.61) iko bega kwa bega na rubidiamu (13.39). Kioo chenye potasiamu nyingi huwa na rubidiamu nyingi, na urani ya uongo huzaliwa hapo.
- Kilele cha pili cha strontiamu (15.83) huongeza zirkoniamu (15.77). Vitu vilivyolala kwenye udongo wa matumbawe vina strontiamu nyingi, basi jihadhari maradufu.

Ndiyo maana hatuipi mashine hii kazi ya kusema "India Kusini" au "Chaul". Lakini ina kazi yake halali na inaifanya vizuri. Kwenye shanga 600 itakutengea kwa siku chache zile za rangi ya shaba, za kobalti, na za njano ya risasi na bati. Itakuchomolea pia shanga za Ulaya za karne za karibuni zilizopenya kwenye tabaka la chini kupitia tundu la panya. Shanga nyeupe isiyopitisha mwanga ikiwa na risasi na arseniki ya kweli, yaani ile ya kilele cha 11.73, ni dalili ya karakana ya Ulaya. Kuijua hiyo mapema kunakuepusha kutoa tarehe ya ajabu kwa tabaka zima.

Utaratibu unaofaa: mashine iwe kwenye stendi yake, isishikwe mkononi. Vipimo viwili kwa kila ushanga, kimoja kwenye kilovolti 15 bila kichungi kwa elementi nyepesi, kingine kwenye kilovolti 40 hadi 50 chenye kichungi kwa zile nzito, sekunde 60 hadi 120 kila kimoja. Ushanga ulale kwenye filamu nyembamba ya kupimia, ubavu wake ukitazama kipokezi, tundu likiwa pembeni. Kila baada ya sampuli 15 hivi pima kioo rejea kilekile (kioo ambacho viwango vyake vinajulikana), NIST 610 au 612, au vioo vya Corning. Hifadhi spektra ghafi zote, yaani zile grafu za vilele. Tarakimu za programu ya kiwandani zina tabia ya kubadilika toleo jipya likiingia, spektra haibadiliki.

Leza

LA-ICP-MS hufyatua leza ndogo, mara nyingi ya nanomita 213, inachoma tundu la mikromita 50 hadi 100, na mvuke unaotoka unabebwa na gesi hadi kwenye plazima (gesi ya joto kali sana) na kipimio cha masi. Kwa macho matupu tundu halionekani ila ukiambiwa lilipo. Sodiamu inapimwa, magnesiamu inapimwa, urani ya sehemu chache kwa milioni inapimwa bila wasiwasi.

Siri ya kuaminika kwake ni sekunde 20 za mwanzo. Maabara nzuri huacha leza ichome kwa muda huo bila kurekodi chochote, ipite ngozi iliyooza, ndipo ianze kuhesabu. Kisha hurudia kwenye nukta nne na kuchukua wastani. Maabara ya Field Museum mjini Chicago, iliyopima shanga nyingi za Afrika, hufanya hivyo. Nukta moja ikitofautiana sana na zake tatu, imeangukia chembe ya rangi au ufa. Itupe, na uandike kwamba umeitupa.

Yanayoharibika upande huu ni machache lakini yana uzito. Ushanga uliooza sana, ule unaomenyeka maganda maganda, una ngozi nene kuliko sekunde 20 zinavyoweza kupita. Tazama sodiamu: ikishuka chini ya asilimia 10 kwenye kioo ambacho kila kitu kingine kinasema ni cha soda, huo ni uozo, usiuite kundi jipya. Shanga za milia zinataka kila rangi ipimwe peke yake.

La tatu hukosewa hata na waliozoea: rangi hupunguza asilimia za kioo cha msingi. Chukulia ushanga wa njano wenye oksidi ya risasi asilimia 12, ya bati asilimia 2, na alumina asilimia 8.6. Risasi na bati ni rangi, mfanyakazi aliziongeza baadaye. Ziondoe: kilichobaki ni asilimia 86, na alumina halisi ya kioo ni 8.6 kugawanya kwa 0.86, yaani asilimia 10. Bila hesabu hiyo, shanga za njano na za bluu za tanuru moja zitasimama kwenye grafu kama mataifa mawili. Fanya hivyohivyo kwa shaba ikipita asilimia moja hivi.

Ubaya wa leza ni mahali ilipo na foleni yake, si sayansi yake. Chumba cha sampuli ni kidogo, kinaingiza makumi ya shanga kwa mkupuo lakini hakiingizi bakuli. Kwa hiyo unachagua. Usichague shanga nzuri za kuonyesha makumbusho. Chagua kwa tabaka kwanza, halafu kwa namna ya kutengenezwa (ya kuvutwa, ya kuviringishwa, ya kukatwa), halafu kwa rangi. Shanga 40 zilizochaguliwa hivyo zinasema mengi kuliko 200 zilizookotwa juu ya ardhi.

Hadubini ya elektroni, na Raman kwa kifupi

SEM-EDS inapima sodiamu na elementi kuu vizuri endapo kioo kimekatwa, kimemiminiwa epoksi (gundi inayoganda) na kusuguliwa hadi king'ae. Kwenye uso wa ushanga mzima unapima uozo. Miale ya elektroni pia huifukuza sodiamu kutoka pale inapogonga, kwa hiyo panua mwale ufagie eneo la mikromita 50 au zaidi badala ya kuuelekeza kwenye nukta. Urani na bariamu za kutenganisha matawi ya India hazifikiki, ziko chini ya uwezo wake. Inapong'ara ni kwenye picha: utaona fuwele za bati na risasi zilizofanya ushanga uwe wa njano usiopitisha mwanga, au chembe za shaba kwenye nyekundu, na utajua rangi ilitengenezwaje.

Raman, kipimo kinachomulika kitu kwa leza na kusoma mwanga unaorudi, hufanya sehemu ya kazi hiyo bila kugusa ushanga. Oksidi ya bati hujitambulisha kwenye 633 na 775 kwa sentimita, na njano ya risasi na bati ina kilele chake kikali karibu na 138. Ni kipimo cha dakika chache, lakini kinataja rangi tu, na uchafu wa udongo kwenye ngozi hung'aa ukafunika kila kitu. Tukilazimika kuchagua kimoja cha kuongezea kwenye leza, tungechukua Raman, kwa kuwa ushanga unabaki mzima.

Vigae: hapa mambo yanageuka

Chungu cha kienyeji cha pwani kina chembe za mchanga wa kwatzi, nyingine zikipita milimita moja. Elekeza XRF ya mkononi kwenye ukuta wake, na kipimo kinategemea kama nukta imeangukia chembe au udongo. Leza ni mbaya zaidi kwa jambo hili: tundu la mikromita 100 linaingia lote ndani ya chembe moja ya kwatzi, nawe unapata mchanganuo wa kwatzi.

Juu ya hilo kuna chokaa. Miji yetu imejengwa kwa matumbawe na lipu ya chokaa, na vigae vimelala karne nyingi kwenye kifusi hicho. Kalisi na strontiamu huingia kwenye matundu ya chungu. Vigae vya nyumba ya mawe na vya kibanda cha udongo vya mfinyanzi mmoja vinaweza kutengana kwenye grafu kwa sababu ya mahali vilipozikwa. Kishawishi ni kuosha kwa asidi. Usifanye: asidi inaondoa chokaa iliyoingia ardhini pamoja na makombe na matumbawe ambayo mfinyanzi aliyatia kwa makusudi.

Ukilazimika kutumia XRF kwa vigae, vunja kona upate uso mpya, au bora zaidi saga gramu 3 hadi 5 ziwe unga laini na uujaze kwenye kikombe cha kupimia kwa kina cha sentimita moja. Kwenye uso mpya pima sehemu tano, chukua wastani, na uandike pia tofauti kati ya vipimo hivyo. Tofauti ya ndani ya kigae kimoja ikilingana na tofauti kati ya vigae, huna makundi. Tegemea rubidiamu, zirkoniamu, titani, chuma, niobi na itriamu. Kalisi na strontiamu ziweke kando kwenye hesabu ya kutafuta asili. Rejea nzuri ni udongo wa matofali wa NIST, namba 679. Na usichanganye vipimo vya "mfumo wa udongo" na vya "mfumo wa madini" wa mashine ileile. Kila mfumo una hesabu yake ya ndani na hazilingani.

Kipande chembamba hakipati shida hizi, kwa sababu chembe zile zinazokera mashine ndizo zenye habari. Unakata kipande cha sentimita 2 kwa 3 hivi kwa msumeno wa almasi, wima kutoka mdomoni mwa chungu kwenda chini, ili uone pia namna udongo ulivyosukumwa. Kikaushe, kimiminie epoksi nyepesi kwenye chombo cha kunyonya hewa hadi mapovu yaishe, kiache kikae usiku. Sugua uso kwa karborandamu ya 400 kisha 600, bandika kwenye kioo cha hadubini, kata kilichozidi, halafu endelea kusugua hadi mikromita 30. Kipimo cha kujua umefika ni kwatzi yenyewe: chini ya mwanga uliopolarishwa inatakiwa iwe ya kijivu hadi nyeupe. Ikiwa bado ya njano au ya rangi kali, kipande ni kinene.

Kosa linaloharibu kazi nyingi ni kuharakisha epoksi. Vyungu vya moto mdogo ni laini, na bila kujaa epoksi chembe hung'oka wakati wa kusugua zikaacha matundu. Matundu hayo husomwa kama makapi au majani yaliyoungua, na chungu kisicho na makapi kinaingizwa kwenye mila nyingine ya ufinyanzi. Kingo za tundu zitakusaidia: la chembe iliyong'oka lina umbo la chembe na epoksi haimo ndani yake, la jani ni refu na mara nyingi lina kingo nyeusi za kaboni na epoksi imejaa.

Linalofuata ni joto. Makombe na chokaa huanza kuvunjika kwenye moto wa nyuzi 700 hadi 800 hivi. Chungu kilichotiwa makombe kikipita hapo, utaona matundu bapa mahali pa makombe. Yasome kwa umbo, usiseme "hakuna makombe".

Utajuaje chungu kimetoka wapi? Pwani yenyewe ni kwatzi, matumbawe na udongo wa mashapo. Bara kuna miamba ya kale iliyogeuzwa, yenye ganeti na amfiboli. Mbele zaidi kuna volkano zenye pairoksini na vipande vya lava. Ukisoma haraka utasema kigae chenye ganeti kimetoka bara. Ngoja kidogo. Rufiji inashuka kutoka nyanda za miamba hiyo, Tana inaleta mchanga wa mlima Kenya, Pangani inatoka Kilimanjaro na Meru. Mchanga wa mito hiyo unafika baharini, na mfinyanzi wa deltani aliuchota pale pale. Ndiyo maana kila mradi wa vyungu unahitaji sampuli za mchanga na udongo kutoka mtoni, ufukweni na machimbo ya wafinyanzi wa leo, angalau 10 kutoka kila eneo. Umbo la chembe husaidia: mchanga uliosafiri mto mrefu umeviringika, wa karibu na mwamba bado una kona.

Gharama ya yote hayo ni msumeno, epoksi, unga wa kusugulia na hadubini ambayo idara ya jiolojia, kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tayari inayo. Gharama halisi ni mtu aliyefundishwa kusoma madini. Mfundishe mmoja, na atawafaa watafiti wote wa pwani kwa miaka.

Njia ya kati kwa vigae ni kupima unga mzima kwa nyutroni kwenye kinu cha nyuklia, au kuuyeyusha kwa asidi na kuupima kwa ICP-MS bila leza. Zote zinapima kigae kizima, kwa hiyo chembe hazisumbui. Tumia baada ya hadubini, kwenye vigae ambavyo hadubini imevipanga, ili kujua kama kundi moja la madini lina machimbo mawili ya udongo.

Porselini, glezi na sarafu

Vigae vya Kichina vya Gede, Shanga au Kilwa ni kinyume cha vyungu vya kienyeji: udongo laini, mwili mweupe usio na chembe, glezi kama kioo. Hapa XRF ya mkononi inastahili sifa. Mwili kwenye sehemu iliyovunjika, kwa rubidiamu, strontiamu, zirkoniamu na thoriamu, hutenganisha vizuri matanuru makubwa. Kwa bluu ya kobalti tazama manganisi dhidi ya chuma. Kobalti ya nje iliyotumika Jingdezhen, mji wa matanuru ya porselini China, enzi za utawala wa Yuan ina manganisi kidogo na chuma nyingi, na ile ya madini ya China ina manganisi nyingi. Pima bluu, pima nyeupe iliyo karibu yake, toa ya pili kwenye ya kwanza. Kilele cha kobalti (6.93) kimekaa karibu mno na cha pili cha chuma (7.06), kwa hiyo kobalti kidogo ndani ya chuma nyingi usiihesabu kwa kuamini skrini.

Sarafu za shaba za Kilwa zina kutu ya kijani, na sarafu za fedha kama zile zilizopatikana Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zina uso ambao shaba imenyonywa, fedha ikabaki nyingi kuliko ya ndani. XRF ya uso itasema fedha safi. Bila ruhusa ya kusugua ukingo mdogo, sema tu "ina fedha, shaba na risasi" na usiandike asilimia.

Vibali vinaweza kuamua kabla ya sayansi

XRF ya mkononi ni chanzo cha mionzi. Tanzania inasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu, Kenya na mamlaka ya udhibiti wa nyuklia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Kuiingiza nchini bila leseni kunaweza kuiacha imezuiwa forodhani msimu wote. Kusafirisha shanga nje kunataka kibali cha mambo ya kale, na Tanzania sheria yake ya msingi ni ya 1964. Anza mapema, miezi sita si mingi. Piga picha kila ushanga ukiwa na kipimio cha milimita, upime uzito hadi miligramu, uuweke kwenye kapsuli yake yenye namba. Namba iandikwe kwenye kapsuli, kamwe si kwa kalamu juu ya ushanga, kwani wino una metali zake.

Kama fedha ni kidogo

Mradi wa shanga wenye fedha ya mwezi mmoja: azima XRF wiki moja, panga shanga zote, chagua 30 hadi 40, na fedha yote iliyobaki iende kwenye leza. Kununua XRF kwa makumi ya maelfu ya dola kwa ajili ya shanga peke yake hatukushauri. Ikiwa ghala lina porselini nyingi na vioo vya mezani vilivyovunjika, hapo itajilipa.

Mradi wa vyungu: vipande vyembamba 60, yaani 20 kwa kila kundi ikiwa macho yamekupa makundi matatu ya kujaribu, pamoja na sampuli za mchanga wa mito. Usiguse mashine ya kemia hadi hadubini iseme kuna nini cha kutenganisha.

Mradi wenye vyote viwili huwa unavutwa kununua mashine moja "itakayofanya kila kitu". Gawa fedha. Wakati wa kuchapisha, weka jedwali la vipimo vya rejea kando ya matokeo yako: kioo cha Corning kinatakiwa kuwa na kiasi gani cha kila elementi, na mashine yako siku ile ilisema ngapi. Jedwali hilo ndilo linalomwezesha mtu wa Mombasa au Zanzibar mwaka ujao kuweka shanga zake kwenye grafu moja na zako.